Salamu za Shomari Kutoka Ng'ambo

Wewe uliyekosa gazeti la Jumapili iliyopita, nikuweke sawa kwa maneno machache.

Naitwa Bernado Magesa, mtu wa Makoko, Musoma. Mwaka sabini na tisa nilikwenda Uganda nikiwa mgambo. Nikarudi salama, watu wakanibeba mabegani. Mwaka themanini na nne nilikwenda tena. Safari hiyo hakuna aliyenibeba, maana hakuna aliyejua.

Aliyetupeleka ni Afande Mayala, kamanda wetu wa seksheni katika vita ile ya kwanza. Tulikuwa wawili, mimi na Shomari Pazi, fundi baiskeli wa Bunda. Kiwanda cha pamba nilichokuwa nafanyia kazi kilikuwa kimesimama kwa kukosa vipuri. Shomari naye hakuwa na spoku wala tairi za kutengenezea. Mayala akasema tunakwenda kulinda ghala. Tukajikuta msituni na kundi la waasi, tumevaa magwanda yasiyo na bendera ya nchi yoyote.

Nilikuacha pale Shomari alipopigwa risasi ya paja. Nikamburuta mpaka jikoni kwa bibi mmoja, nikamlaza nyuma ya magunia ya mihogo, nikamwambia nakwenda kuita watu.

Sikuita watu. Nilikimbilia ziwani, wavuvi wakanivusha.

Leo nasema yaliyofuata. Usinionee huruma mapema.

Nyumbani niliwaambia kwamba nilikuwa Buhemba nachimba dhahabu, bahati haikunijia. Waliniamini, au walijifanya kuniamini. Miezi miwili ikapita. Kwenda Bunda kumwona mke wa Shomari sikuthubutu. Kila nikisema kesho, kesho inakuwa keshokutwa.

Jumamosi moja asubuhi mdogo wangu Masatu akaingia uani amevaa buti mpya. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, ametoka Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, mwaka uliopita. Mdogo wangu wa kiume ni huyo mmoja tu.

"Nimekuja kuaga, kaka."

"Unakwenda wapi?"

"Kazini. Nakwenda kulinda ghala."

"Ghala gani?"

"Ng'ambo huko. Afande Mayala anatafuta watu waliopita JKT. Tunaondokea Bunda leo mchana."

"Usiende."

"Kwa nini?"

"Nimesema usiende."

"Nipe sababu basi. Nyavu zimeoza, mpya hazipatikani. Mwezi mzima tunakula michembe, viazi vikavu tu. Unataka nikae hapa tutazamane?"

"Mayala namjua. Si mtu mzuri."

Masatu akacheka. "Wewe ndiye ulikuwaga unamsifia hapa hapa! Mpaka mama akasema umemfanya mtakatifu."

"Masatu, watu wanakufa huko."

"Umejuaje? Si ulikuwa Buhemba?"

Uongo wangu mwenyewe ulikuwa umenigeukia.

"Tena Shomari yuko huko huko," akaendelea. "Amepanda cheo. Ametuma salamu kwa mke wake mwezi huu huu, Afande ndiye aliyezileta. Anataka watu wa nyumbani."

"Shomari? Mwezi huu?"

"Shomari Pazi, rafiki yako. Kaka, mbona umekuwa hivyo?"

Nilikuwa nimeshika nguzo ya jiko. Shomari niliyemwacha nyuma ya magunia anatumaje salamu? Nikajiambia Mayala anadanganya. Amechukua jina la marehemu akalifanya chambo.

Masatu hakungoja jibu langu. Aliaga, akatoka.

Dada yetu Dafroza alikuwa anaanika dagaa pale pale, amesikia yote. Akanisogelea.

"Buhemba ulikuwa unachimbaga na nini, kaka?"

"Sururu. Kwa nini unauliza?"

"Viganja vyako laini kama vya karani. Lakini bega lako lina alama ya mkanda wa bunduki. Nimeliona ulipovua shati nikufulie." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Sitaki kujua ulikuwa wapi. Nataka umrudishe Masatu."

Nilipata lifti kwenye lori la mbegu za pamba. Njia nzima nilikuwa natunga uongo mwingine. Nimwambie Masatu kwamba mama ameanguka? Nimwambie polisi wanamtafuta Mayala? Tulipoingia Bunda nilikuwa na uongo wa aina nne, na hakuna hata mmoja ulionisimamia.

Lori la Mayala lilikuwa mbele ya nyumba ya Kudura, mke wa Shomari, nyuma ya soko. Uani watu watano walikuwa wamekaa mkekani wanakula, Masatu akiwa mmoja wao. Wali mweupe, na chai yenye sukari kweli kweli. Mwaka ule sukari ilikuwa imeanza kurudi madukani, lakini ya kuitazama tu. Mayala ndiye aliyeileta.

Akaniwahi mlangoni kabla sijaingia. Mayala hakuwa mtu wa kelele. Alizungumza taratibu kama katekista. Mwaka sabini na tisa nilimwona kwa macho yangu akimbeba majeruhi mgongoni, mwendo wa nusu siku, hajamshusha. Ndiyo maana tulimfuata mara ya pili bila maswali.

"Bernado. Nilisikia umerudi."

"Mwache mdogo wangu, Afande."

"Sikumfunga kamba."

"Nitasema yote."

"Sema." Akaniwekea mkono begani. "Anzia ulipomwacha Shomari. Ukimaliza hapa, nenda kituoni ukawaambie ulishika bunduki kwenye vita ya nchi nyingine. Unajua tunaitwa nani? Askari akikamatwa ni mateka, ana nchi ya kumwulizia. Sisi ni mamluki. Kule tunapigwa risasi, huku tunafungwa. Nani atakutetea?"

Nikamtazama Masatu pale mkekani.

"Umetoka mbali," akasema. "Ingia ule."

Na mimi nikaingia, nikanawa, nikala. Ndugu msomaji, ningeweza kuliruka hili, usingelijua. Lakini nilikula wali wa Mayala nyumbani kwa mke wa Shomari, tena nilikuwa na njaa.

Kudura akatoka na birika. Aliponiona akatabasamu uso mzima.

"Shemeji Bernado! Kumbe hujafa! Miezi miwili umetoka Buhemba hukanyagi kwangu, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea kitu, shemeji."

"Basi kunywa chai. Afande ameniletea salamu za baba Shani. Anasema amenenepa, ana watu chini yake. Mwaka mzima sikuwa na habari, sasa nalala." Akanimiminia chai. "Ungekwenda naye, mngekuwa pamoja kama zamani."

Nikaweka kikombe chini.

"Nilikwenda naye," nikasema.

Wote mkekani wakaacha kula.

"Sikuwa Buhemba, shemeji. Tulikwenda wote. Hakuna ghala. Ni vita."

Masatu akainua kichwa. Mayala hakunizuia. Aliegemea ukuta, akaanza kuchokonoa meno.

Nikawasimulia. Tulipofika msituni, kiongozi wa kundi akatuambia tukikamatwa tujifanye mabubu. "Kiswahili chenu kitawaua," alisema. Mara ya kwanza, wanakijiji wa Uganda walitupokea na ndizi na ngoma. Mara ya pili, watoto walikuwa wakituona wanakimbilia migombani.

"Tuliingia kijiji kimoja kuchukua chakula," nikasema. "Mama mmoja akanisikia nikiongea na Shomari. Akanishika mkono. Akaniuliza, 'Ninyi Watanzania? Si ninyi mlitukomboa?'"

"Ukamjibu nini?" Aliyeuliza ni Boniphace, mtu mzima kuliko wote pale, kutoka Butiama.

"Sikumjibu. Nilikuwa bubu. Nilipewa amri nichome ghala lake la mtama, nikachoma."

"Na mume wangu?" Kudura akauliza.

"Shomari alikataa. Alitupa kiberiti chini, akasema yeye anarudi nyumbani. Kesho yake tukavamiwa na jeshi la serikali. Akapigwa risasi ya paja."

Kudura aliweka birika chini polepole.

"Wapi amezikwa?"

"Sijui, shemeji."

"Hujui vipi?"

"Nilimficha jikoni kwa bibi mmoja. Nikamwambia nakwenda kuita watu. Nikakimbia."

"Ulipomwacha alikuwa anapumua?"

"Alikuwa anapumua."

"Alikuita?"

Nilitamani aniulize kitu kingine chochote.

"Aliniita mara mbili," nikasema. "Ya tatu sikuisikia. Nilikuwa mbali."

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningeshukuru. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka ameniona wapi.

Boniphace akanyanyuka, akanawa mikono, akachukua kifurushi chake. "Mimi narudi Butiama. Nilitoka kutafuta kazi, sikutoka kutafuta kaburi." Wawili wakamfuata bila kuaga. Mkekani akabaki kijana mmoja wa Bunda na Masatu.

Moyo ukanitulia kidogo. Nikajisemea aibu nimeipata, lakini mdogo wangu nimemwokoa.

Masatu akasimama.

"Twende nyumbani," nikamwambia.

"Wewe nenda." Sauti yake ilikuwa ngeni. "Miezi miwili unakula nasi, unasali nasi kanisani, na mtu umemwacha anapumua?"

"Masatu..."

"Shani ana miaka minne. Ataambiwa baba yake aliachwa na nani? Na Bernado Magesa wa Makoko. Basi na mimi ni Magesa. Mmoja wetu amemwacha, mwingine atakwenda kumtafuta. Awe mzima, iwe mifupa."

"Hujui unachokwenda kukutana nacho!"

"Ningejua, kama ungesema siku uliyorudi."

Akatoka kuelekea kwenye lori. Yule kijana wa Bunda akamfuata. Nilikuwa nimesema ukweli ili abaki, na ukweli ule ule ndio uliompandisha garini.

Kudura akamgeukia Mayala.

"Afande. Salamu ulizoniletea, zilitoka kinywani mwa nani?"

"Mwa mumeo."

"Mume wangu aliachwa anavuja damu."

"Yule bibi alimtibu. Aliletwa kwetu baada ya mwezi. Anachechemea, lakini yu hai. Sijakudanganya, mama Shani." Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaishika mbele ya macho ya Kudura. "Tazama mwandiko."

Mayala alikuwa amemletea zile salamu kwa mdomo tu. Huenda alidhani Kudura hajui kusoma. Kudura alimaliza darasa la saba, tena baiskeli zote za wateja wa Shomari ni yeye aliyekuwa anaziandikia vikaratasi. Akaipokonya ile karatasi.

Alisoma huku midomo ikicheza. Mara akakaa chini, mchangani, akacheka na kulia kwa pamoja.

"Ni yeye! Huyu ni yeye! Ananiuliza kama nimeuza ile pampu yake! Yu hai, shemeji!"

Nakuapia, kwa kitambo kile nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi. Niliinama nikafunika uso. Sikuwa nimeua mtu. Nikasema asante Mungu, kwa sauti, mbele ya Mayala.

Kudura akageuza karatasi. Huko msituni karatasi ilikuwa adimu, kwa hiyo Shomari alikuwa ametumia upande wa pili kumwandikia Mayala.

"Huko nyuma si kwako," Mayala akasema, akanyoosha mkono.

Kudura akarudi nyuma hatua moja, akaendelea kusoma. Kicheko kikaisha. Alisoma mpaka chini, akarudia, kisha akaikunja na kuifunga kwenye ncha ya kanga.

Mayala alimwangalia, akaniangalia na mimi. Kwa mara ya kwanza nilimwona ana haraka.

"Tunaondoka," akasema, akatoka.

"Shemeji, anasemaje huko nyuma?" nikauliza.

"Anasalimu."

"Upande mzima wa salamu? Nipe nisome."

"Wewe ulikaa na la kwako miezi miwili," akasema bila kunitazama. "Niache na la kwangu."

"Kudura, kama linamhusu Masatu..."

"Nimesema niache! Mume wangu yu hai. Umesikia? Yu hai, na nikisema neno moja nitamharibia. Wewe hukumchagua yeye. Mimi nisimchague?"

Nje injini ilikohoa, ikazima, ikakohoa tena.

Kupitia mlango wa uani tulimwona Masatu. Shani, binti yao, alikuwa amepanda nyuma ya lori akichezea turubai. Masatu akambeba kwa mikono miwili, akamshusha chini taratibu, akamfuta vumbi magotini.

"Nakwenda kumleta baba," tukamsikia akimwambia. "Nisubiri, eeh?"

Mtoto akaitikia.

Injini ikawaka, safari hii ikakubali. Mlango wa mbele ukafungwa kwa kishindo.

Kudura akafungua fundo la kanga kwa meno.

"Soma," akasema. "Soma upesi, halafu umshushe. Mungu anisamehe. Mshushe mdogo wako!"

Mwandiko wa Shomari niliujua, herufi kubwa kubwa zilizoegemea kushoto. Lakini maneno yalikuwa ya mtu nisiyemjua. Yule aliyekuwa amekataa kuchoma ghala la mtama sasa aliandika kwamba vijiji vitatu vimeshaadabishwa na kikosi chake, na kwamba huruma ni ugonjwa aliopona jikoni kwa yule bibi. Chini kabisa akaandika hivi:

"Afande, watano wanatosha, lakini wa kwanza awe Masatu, mdogo wake Bernado. Namtaka kwa jina. Mwambie anakuja kwangu, kama kwa kaka yake. Akifika asiguswe na mtu, huyo ni wangu mimi. Nataka Bernado naye ajue kungoja mtu asiyerudi kukoje."

Sikumbuki nilivyotoka pale. Nakumbuka vumbi. Lori lilikuwa limeshaingia barabara ya Mwanza, linajivuta kama ng'ombe mgonjwa, Masatu amesimama nyuma ameshika chuma cha turubai. Aliponiona nakimbia akadhani nimekuja kumuaga. Akapunga mkono.

"Shuka!" nikapiga kelele. "Shuka, Masatu! Shomari anakutaka wewe!"

"Nini?"

"Anakutaka wewe! Amekutaja kwa jina!"

"Najua!" akajibu, na uso wake ulikuwa umechangamka. "Afande aliniambia! Ndiyo maana nakwenda!"

"Atakuua!"

Gia iliingia kwa mlio mkubwa, neno langu likapotelea humo. Nikaongeza mbio. Nikaufikia ubao wa nyuma, nikaushika kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili.

"Kaka, utaumia! Achia!"

"Atakuua, nimekwambia! Ruka!"

Sasa alisikia. Nilimwona anasikia. Uso ukambadilika, akamtazama yule kijana mwenzake, akatazama barabara iliyokuwa inakimbia chini yangu. Kwenye kioo cha pembeni nikaona macho ya Mayala yametulia juu yangu, hayatazami njia.

Lori halikupunguza mwendo. Liliongeza.

Nyuma yangu Kudura alikuwa anapiga yowe watu wasimamishe gari. Masatu akapiga magoti, akanishika mkono kwa nguvu zake zote. Sikujua kama ananivuta nipande, au ananisukuma nianguke nibaki hai. Nadhani hata yeye alikuwa hajaamua. Viganja vyangu laini vilikuwa vinateleza, na miguu yangu ilikuwa haigusi tena ardhi ya Bunda.